Siku Muwa Ulipofungwa Mikanda

Sogeeni. Wenye pipi mashavuni wazihamishie upande mmoja, wabaki na upande wa pili wa kuchekea. Hakuna haja ya kuzitema; hadithi hii haina ugomvi na utamu. Ina ugomvi na kitu kingine, nacho tutakifikia, mradi msinikatize, maana nikikatizwa huwa naanza upya na mnanijua sina huruma.

Zamani, zamani ile ambayo kinyonga alikuwa bado ana haraka na kobe alikuwa bado mpangaji, muwa haukuwa kama huu mnaouona sokoni. Ulikuwa laini. Ulikuwa mnyoofu tangu mizizini hadi majanini, hauna gamba, hauna fundo, hauna pa kukatizia. Ukitia jino huku chini, utamu ulikupokea na kukusindikiza bila kukuacha njiani, na mara ungejikuta unatafuna majani huku ukishangaa muwa mzima umekwenda wapi. Kibogoyo aliula. Mtoto wa kunyonya aliula. Hata mbuzi, ambaye hajawahi kutofautisha chakula na kamba aliyofungiwa, aliuota usingizini.

Ila katika vilima vya Kwemtindi muwa haukujulikana kabisa. Aliyeuleta ni Semkiwa.

Semkiwa alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi kidogo, miguu mirefu, na safari nyingi kuliko faida. Alikwisha kufika kwa watu wanaochimba chumvi kama viazi, na kwa watu wanaosalimiana kwa kupigana vikumbo, na huko alirudi na mbavu zinazouma lakini marafiki tele. Kila aliporudi alileta kitu. Safari moja alileta paka anayeogopa panya. Safari nyingine alileta ngoma nzuri sana isiyokuwa na ngozi, akaeleza kwamba huko ilikotoka hupigwa kwa moyo. Watu wa Kwemtindi walianza kucheka walipokiona kichwa chake tu kikichomoza juu ya kilima, naye hakuchukia. "Mimi ni baragumu," alizoea kusema. "Nalia kwa nguvu kwa sababu ndani ni mtupu."

Sasa, Kwemtindi walikuwa na desturi yao. Mjomba akirudi kutoka safari, mpwa wake humzibia mlango na kumwuliza, "Mjomba, umenitunuku nini?" Mjomba hutema mate kidogo katika kiganja cha mpwa, kisha hutaja tunu. Na neno likishatajwa juu ya mate, halirudi, hata mlima uhame. Walisimuliwa habari za mjomba mmoja wa kale aliyerudi amelewa pombe ya ndizi akatunuku pua yake. Maskini, kila alipotaka kupiga chafya ilimbidi kwanza akaombe ruhusa, na hali iliendelea hivyo mpaka mpwa alipoolewa mbali.

Mpwa wa Semkiwa aliitwa Mwanamvua. Alikuwa binti wa dada yake, na kama ilivyokuwa ada ya kule, alipoachishwa ziwa alikwenda kulelewa na bibi yake, Bibi Chiku, ambaye ndiye aliyemzaa Semkiwa na bado alikuwa hajaamua kama alifanya vyema. Mwanamvua alikuwa katika umri wa meno ya utoto kuanza kulegea. Alikuwa mdogo, mbishi, mwenye magoti yenye makovu, na alikuwa na kitu ambacho hakuna mwingine kilimani alikuwa nacho: mluzi.

Akikunja vidole viwili chini ya ulimi na kuvuta pumzi, Mwanamvua alitoa mluzi uliofanana kabisa na sauti ya kozi anapojitupa kutoka angani. Kuku walijificha. Wazee walishika kofia. Na mtama ulipoanza kujaa maziwa, na kwelea walipokuja kwa maelfu kama moshi wenye njaa, watu wengine waliweza kurusha mawe kwa teo na kugonga magogo mpaka mikono iwavimbe, ndege wasijali. Walichojali ni mluzi ule mmoja kutoka juu ya ulingo. Wakiusikia, waligeuka wote kwa pamoja na kwenda kuwatafuta watu wa kilima kingine. Hivyo ndivyo Kwemtindi walivyokuwa wakila.

Siku Semkiwa aliporudi na muwa, Mwanamvua alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, akamzuia.

"Mjomba, umenitunuku nini?"

Semkiwa alitua mzigo. Ndani ya majani mabichi kulikuwa na kisiki kimoja chenye mizizi yake na udongo wake, na juu yake muwa mmoja unaong'aa. Alivunja kipande akampa. Mwanamvua alitafuna, macho yakamtoka, akaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto. Kumwona mtoto akifurahi namna ile, moyo wa Semkiwa ulivimba ukamzidi kimo. Akatema mate kiganjani mwa mtoto na kutangaza kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde:

"Kila muwa utakaoota katika kiwanja changu ni wako, mpwa wangu! Uule upendavyo, utakapo, mpaka uote mvi!"

Msimlaumu haraka. Semkiwa alikuwa na hakika ya jambo moja: kwamba hakuna kitu alichowahi kupanda kikaota. Alipanda maboga, yakaota magugu. Alipanda mbaazi, zikaota aibu. Alidhani atasifiwa kwa ukarimu na udongo utamalizia mengine.

Kisiki kile kilishika. Kwanza kilitoa machipukizi, kisha kichaka, na mvua za vuli zilipokwisha, nyuma ya nyumba ya Semkiwa kulikuwa na msitu mdogo wa miwa unaonong'ona. Kilimo chake cha kwanza kufanikiwa maishani!

Mwanamvua akahamia humo. Asubuhi muwa, mchana muwa, jioni muwa. Na kwa kuwa muwa wenyewe haukuwa na pa kusimama, hakuna aliyemwona akila muwa nusu. Bibi Chiku akipakua kande, mtoto alisema ameshiba. Akipika kunde kwa tui, ameshiba. Akikaanga kambale wa mtoni mpaka majirani wakaja kuomba moto wa kuwasha, ilhali moto wao waliuacha unawaka, Mwanamvua alilamba midomo tu na kusema, "Bibi, tumbo limejaa," akakimbilia kichakani.

Mwanzoni watu walicheka. Halafu wakaanza kumtazama vizuri. Mashavu yalimjaa huku miguu ikikonda. Meno yakaingia weusi. Fizi zikavimba. Mchezo kidogo tu, anakaa chini anahema. Asubuhi moja alikunja vidole kuwaonyesha wenzake mluzi wake, na kilichotoka kilikuwa "fyuuu," kama kibofu cha mbuzi kinachopungua hewa. Kuku hawakuinua hata vichwa.

Bibi Chiku alimfuata mwanawe akiwa na mwiko mkononi, na haikujulikana kama alikuwa ametoka kupika au anakwenda kupiga.

"Semkiwa."

"Naam, mama."

"Umeniletea paka, nikamlea mimi, na panya nikawakamata mimi. Umeniletea ngoma tupu, nikaweka ulezi humo. Sasa umeniletea ugonjwa mtamu. Huu niuweke wapi?"

"Mama, nitamkataza."

"Utamkatazaje nawe umetema mate?"

Hapo Semkiwa alikaa juu ya kigoda. Kweli, neno lilikuwa kiganjani mwa mtoto. Akimkataza, yeye ndiye atakayekuwa mjomba wa kwanza Kwemtindi kulirudisha, na mjomba wa namna hiyo hakutakiwa hata harusini. Bibi Chiku alilijua hilo, ndiyo maana aliamua kupita njia yake mwenyewe. Alisaga pilipili kichaa akaipaka miwa yote ya mbele. Mwanamvua aliingia, akatafuna, akatoka analia machozi na kamasi, akajifuta, akarudi ndani. Siku ya pili alikuja jikoni kwa adabu kubwa kuuliza kama pilipili ile imebaki kidogo.

Semkiwa naye alijaribu vitisho. Alimweleza kwamba ndani ya jino bovu huingia mdudu mwenye nyundo, anayejenga nyumba, anayeoa humo na kufanya sherehe usiku.

"Wanapiga ngoma gani?" aliuliza Mwanamvua.

"Ngoma kubwa! Huwezi kulala!"

"Basi na waalike wengine," akasema mtoto, akavunja muwa mwingine.

Mtama ukaanza kutoa masuke. Siku moja mchana, wakati jua lilikuwa kali na vikundi vya kwanza vya kwelea vimeonekana pembezoni mwa msitu, Mwanamvua alipanda ulingo kama desturi yake. Semkiwa alikuwa chini, amejilaza kivulini mwa ulingo ule ule, akimsimulia jinsi alivyowahi kukimbizwa na bata mzinga. Alingoja kicheko kutoka juu. Badala yake akasikia kishindo. Mtoto alikuwa ameshikwa na kizunguzungu, akaanguka katikati ya mtama.

Mtama ulimpokea, hakuvunjika mfupa. Lakini Semkiwa alipomwinua alishtuka kuliko kama angevunjika. Alikuwa mwepesi kama ungo mtupu. Midomo ilikuwa mikavu na yenye kunata, na mkono mmoja bado umeshika kipande cha muwa. "Mjomba," alisema kwa sauti ndogo, "mluzi umekwenda wapi?"

Semkiwa alifungua mdomo kutoa mzaha. Alikuwa na mzaha wa kila jambo, hata matanga. Siku hiyo hakuupata. Alimbeba mpwa wake mpaka kwa bibi yake, njia nzima bila kusema neno, na watu waliokutana naye walifahamu mara moja kwamba jambo limeharibika, maana hawakuwahi kumwona Semkiwa akipita kimya.

Alfajiri alikwenda kichakani na panga. Alikuwa ameamua kuukata muwa wote. Neno lilisema kila muwa utakaoota ni wa mtoto. Halikusema lazima uote. Lakini alipofika hakukuta kichaka. Alikuta muwa mmoja mrefu, umesimama peke yake, na chini yake machipukizi machanga kama vidole. Miwa mingine yote ilikwisha liwa. Na muwa ule ulikuwa ukilia.

Siku hizo mimea ilisema, msicheke. Iliacha kusema baadaye, ilipoona tunajibu ovyo.

"Umekuja kunimaliza?" uliuliza muwa.

"Nimekuja kumwokoa mtoto," alisema Semkiwa.

"Nami ninamlilia huyo huyo. Unadhani napenda? Anatukata tukiwa wachanga kabla hatujatoa mtoto mwingine. Kesho nitakwisha mimi, na yeye hana nguvu ya kutafuna kitu kingine. Tunakufa pamoja, mmoja kwa kula na mmoja kwa kuliwa."

"Basi punguza utamu!"

"Ubaya hauko kwenye utamu, bwana. Tazama mwili wangu. Nina mahali pa kusimama? Mto una vivuko. Ngazi ina vidato. Hata wimbo una pa kuvutia pumzi. Mimi nina mwanzo na mwisho tu. Anayeanza kunila atajuaje kwamba imetosha?"

Semkiwa aliuangalia muwa chini hadi juu, juu hadi chini. Kisha akaangusha panga na kuanza kucheka, akicheka huku akikimbia kwenye migomba, akicheka huku akichana kamba ndefu ndefu kutoka kwenye magamba makavu ya mgomba. Alirudi amezivaa shingoni kama mganga.

"Kaza pumzi," aliuambia muwa. "Nakufunga mikanda."

Akafunga mkanda mmoja karibu na ardhi, na mwingine shibiri moja juu yake, na mwingine, na mwingine, akivuta kila kamba kwa meno na goti. Muwa ulipiga kelele. Ulijikaza kweli kweli dhidi ya zile kamba, na kwa kule kujikaza ngozi yake ikaanza kukakamaa, ikawa ngumu na yenye kung'aa. Alipomaliza ule mrefu akayafunga machipukizi, kila moja kwa ukubwa wake, kama anayewavisha watoto shanga.

Jua lilipopanda Mwanamvua alifika, anatembea akishika ukuta. Akasimama.

"Mjomba! Umeufanya nini muwa wangu?"

"Nimeuvisha."

"Uvue."

"Mpwa wangu, muwa ni wako. Nilitema mate na sirudi nyuma. Lakini kumbuka nilivyosema: kila muwa utakaoota. Je, mikanda hii imeota? Nimeifunga mwenyewe, kucha imenikatika, itazame. Mikanda ni yangu."

Mwanamvua aliuzunguka muwa polepole. Alijaribu mkanda mmoja kwa kidole, akaona hautoki. Akamtazama mjomba wake kwa jicho ambalo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, lilikuwa na moto ndani yake.

"Mjomba, wewe ni mwizi."

"Mwizi mwenye adabu."

"Unataka nini?"

"Ule chakula cha bibi yako. Ukimaliza, nafungua mkanda, unakata muwa wako mpaka kwenye mkanda unaofuata. Hapo unasimama. Ukila tena, nafungua tena."

"Tonge moja."

"Bakuli."

"Bakuli dogo. Na nachagua mimi cha kupika."

"Chagua, mradi mboga iwepo."

Mtoto alifikiri. Halafu akatabasamu, na Semkiwa akarudi hatua moja nyuma, kwa sababu tabasamu lile alilijua. Lilikuwa la mama yake, Bibi Chiku.

"Sawa," alisema Mwanamvua. "Lakini kila mboga ninayokula mimi, na wewe unakula. Tunaanza na mchunga."

Lazima niwaeleze habari ya mchunga. Ni mboga ya majani, chungu, yenye afya, na Semkiwa hakuwa ameionja tangu alipokuwa na uwezo wa kukimbia. Alipokuwa mdogo alilia. Alipokuwa kijana alijificha. Alipokuwa mtu mzima alitangaza kwamba ni mwiko wa wasafiri: msafiri akila mchunga, miguu husahau njia. Yeye mwenyewe safarini alikuwa akiishi kwa asali, ndizi mbivu na chochote chenye kunata, na meno yake ya nyuma yalikuwa na hadithi zao ambazo hakuzisimulia.

"Lakini mwiko wangu..." alianza.

"Miguu yako ilisahau njia ya shamba hata kabla ya mchunga," ilisema sauti ya Bibi Chiku kutoka nyuma ya ua. "Njoo nyumbani, baragumu. Chungu kinachemka."

Ilikuwa siku ya kuonwa! Watu walikuja kama kwenye mnada. Mwanamvua alikwenda mwenyewe kuchuma, akachagua majani, akayaosha, akayaloweka maji ya chumvi kama bibi yake alivyomwelekeza, akayapika na karanga zilizotwangwa. Mabakuli mawili yakawekwa mkekani, moja mbele ya mtoto na moja mbele ya mjomba. Mtoto alimega ugali, akachovya, akatia mdomoni, akakunja uso. Mjomba alimega, akachovya, akafumba macho, akataja majina ya marehemu wote wa ukoo, akameza. Watu wakapiga vigelegele.

"Ni chungu," alisema Mwanamvua.

"Ni chungu sana," alisema Semkiwa, akitokwa na machozi ya kweli.

"Wewe unalia, mimi silii."

"Mimi ni mkubwa, nina machozi mengi."

Alicheka yule mtoto, na alipokuwa akicheka alikula tonge la pili bila kutambua. Bakuli lilipokwisha, Semkiwa alisimama kama mfungua lango la mji, akafungua mkanda wa juu, akakata kipande. Mwanamvua alikila mpaka kilipoishia. Akaangalia muwa uliobaki. Akaangalia mkanda. Akavuta pumzi, kama mtu aliyefika mwisho wa mstari wa wimbo, akageuka akaenda kucheza.

Kesho yake alichagua kunde na maboga. Siku nyingine mnavu na kambale. Alijua sasa mboga ipi yataka ndimu na ipi yataka karanga, na alimwamuru mjomba wake apepete, apekeche, apulize moto. Zipo siku alizogoma, akakaa amenuna hata kipande cha muwa asikipate, na Semkiwa hakumbembeleza wala hakumfokea. Alikula bakuli lake kwa sauti kubwa mbele yake, akijifanya kuwa mchunga ni nyama ya sherehe, mpaka mtoto akashindwa kuvumilia uongo huo akaja kula. Zikaja na siku ambazo alikula kande, akaomba tena kande, akalala, na hakuna aliyekumbuka mkanda. Siku hizo muwa ulipumua. Machipukizi yakakua ndani ya kamba zao, marefu, yakapita paa.

Meno meusi yalilegea yakang'oka kwa wakati wake. Mwanamvua aliyatupa juu ya paa moja moja, na chini yake yakachomoza mapya, meupe na makali kama punje za mahindi machanga. Miguu ikajaa. Magoti yakapata makovu mapya, dalili njema kupita zote.

Ndipo kwelea walipokuja.

Walikuja asubuhi, na asubuhi ikafanana na magharibi. Waliziba kilima cha ng'ambo, wakaziba mto, na sauti ya mabawa yao ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya majani ya migomba. Watu walitoka mbio na teo, wakarusha. Wanawake waligonga vifuniko vya vyungu. Wazee walipiga makofi. Semkiwa aliitoa ngoma yake isiyo na ngozi, akaipiga kwa moyo, na kwa mara ya kwanza alikiri kwamba hailii. Ndege hawakujali. Safu ya mbele ilishatua, na mtama wa pembeni ukaanza kupukutika.

"Mwanamvua!" watu waliita. "Mwanamvua!"

Alikuwa anamaliza bakuli lake. Alilamba kidole, akakimbia, akaukwea ulingo kama ngedere. Juu kule akakunja vidole chini ya ulimi. Chini Semkiwa alishika nguzo ya ulingo kwa mikono miwili, na ingawa hakuwa mtu wa kuomba, midomo yake ilikuwa ikitikisika.

"Fyuuu," ulitoka mluzi.

Kwelea mmoja, mnene, aligeuza shingo kana kwamba anauliza, hivyo tu? Mwanamvua alitazama chini. Mjomba wake alivuta pumzi ndefu, akaizuia, kitambi kikapanda mpaka kifuani, akamwonyesha. Mtoto naye akavuta. Akavuta kutoka tumboni, kutoka kwenye kunde na maboga na ule mchunga wa machozi, akavuta mpaka mbavu zikafunguka kama mlango, kisha akaachia.

Huo haukuwa mluzi wa kozi mmoja. Ulikuwa wa kozi na mama yake na ukoo wake wote! Ulipasua anga vipande viwili. Kuku waliingia ndani ya mitungi. Paka wa Semkiwa aliruka juu ya panya akamkamata kwa bahati mbaya. Na kwelea, wote, mnene yule akiwa mbele, walinyanyuka kwa kishindo kimoja, wakagongana, wakageuka, wakapita juu ya mto na kuacha nyuma yao mbingu safi na manyoya machache yanayoshuka polepole.

Kelele zilizopigwa siku ile hazikuhitaji ngoma. Mwanamvua alibebwa mabegani kutoka ulingo hadi ulingo, akiendelea kupiga mluzi hata pasipo na ndege, kwa raha tu, na kila alipopiga kuku walirudi mitunguni.

Mtama ulivunwa, karamu ikapikwa, na watu walipokwisha kula walimfuata Semkiwa nyuma ya nyumba kwenda kufungua mikanda. Hakukuwa na mikanda. Kamba za mgomba zilikuwa zimeoza na kuanguka zenyewe siku nyingi. Lakini pale zilipokuwa, kila muwa, hata ule ambao haujaguswa na mkono, ulikuwa na fundo. Ngozi yote ilikuwa ngumu. Na juu ya kila fundo kulikuwa na kijicho kidogo kilichofumba, ambacho muwa ulikitoa kwa kule kujikaza. Kipande kilichoangukia udongo wenye maji kilikuwa tayari kimefumbua jicho lake, na muwa mpya ulikuwa ukichungulia.

Semkiwa alikata muwa mnene, akatia jino kwa mbwembwe mbele ya watu. Jino likakataa. Akajaribu la upande wa pili. Hilo nalo likakataa, tena kwa uchungu, kwa sababu meno yaliyolelewa kwa asali na ndizi mbivu hayakuwa na ubavu wa kuvua koti lile. Mwanamvua alimpokonya muwa, akaumenya kwa meno yake mapya, kra, kra, kra, maganda yakaruka, akavunja kipande cheupe kinachotiririka maji. Akakinyoosha kwa mjomba wake. Mjomba akafumbua mdomo. Mkono ukarudi nyuma.

"Mjomba," alisema Mwanamvua, "umekula mboga?"

Watu wote wakamgeukia Semkiwa. Na Bibi Chiku, ambaye macho yake yalikuwa bado makali, akainua bakuli la mwanawe kutoka karamuni, akalipindua, na chini ya paja la kuku lililogugunwa ukadondoka mchunga wote, haujaguswa.

Alirudi jikoni huku wakimzomea, mjomba mzima, akala mchunga wake amesimama. Kisha akaja kudai kipande chake, akapewa mpaka kwenye fundo, si zaidi.

Na tangu siku hiyo muwa una vifundo na gamba gumu, na hauanzwi na mwenye njaa. Huja baada ya chungu, mkononi mwa aliyekwisha kula. Ukifika kwenye fundo utaona pagumu, hapana maji wala utamu. Usipakasirikie. Hapo ndipo Semkiwa alipofunga kamba yake, na hapo ndipo jicho lilipo. Palipo na utamu mtupu hapajawahi kuota muwa wa mwakani. Vuta pumzi, jiulize kama imetosha, na kama hujui, tafuta mpwa akuulize.

Na hadithi nayo imefika fundoni. Waliokwisha kula, kisu kile pale na muwa ule pale. Ambao bado, chungu kiko jikoni, na msijaribu kuficha kitu chini ya mfupa. Humu ndani tunaijua hila hiyo.